Isaac Backus: mwanahistoria au mtetezi wa Wabaptisti?

Wanaomkataa Isaac Backus kama mwanahistoria wana hoja, tena si ndogo. Mchungaji huyu wa Kibaptisti wa Middleborough, Massachusetts, alitoa juzuu tatu za historia ya New England (kaskazini mashariki mwa Marekani) kati ya 1777 na 1796, na tangu 1772 alikuwa wakala wa kamati ya malalamiko ya Wabaptisti. Yaani mdai ndiye huyo huyo anayetusimulia kesi. Wakongregesheni, waumini wa kanisa rasmi la huko, ambao wachungaji wao walilipwa kwa kodi ya umma, hawana mtetezi humo.

Sawa. Ila tazama analalamika vipi. Kuhusu Ashfield, mji wa Massachusetts, hatosheki kusema kwamba wenzake walionewa. Mwaka 1770 ardhi yao, karibu ekari 400, ilipigwa mnada ili alipwe mchungaji ambaye hawakumchagua, na miongoni mwa vilivyouzwa kulikuwa na makaburi yao. Makaburi! Mtu anayetaka kuchochea tu hana haja ya kuhesabu ekari. Maneno makali yanatosha, na hayamfungi. Ekari zinapimika, na majirani waliokuwepo mnadani wangeweza kumuumbua. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tatu na baraza lake waliibatilisha sheria iliyoruhusu mnada ule, na hao hakuna atakayewaita Wabaptisti.

Kuna pia barua ya mama yake ya 1752. Mjane huyo wa Norwich, Connecticut, alikuwa mgonjwa wakusanya kodi walipomfuata mnamo saa tatu usiku, giza na mvua, wakampeleka gerezani kwa kukataa kulipia kanisa alilojitenga nalo. Alikaa siku 13. Mwana kumnukuu mama yake ni upendeleo wa wazi kabisa, na barua yenyewe imejaa imani. Lakini ina saa, ina mvua, ina idadi ya siku.

Basi nani mwingine angeyaandika haya? Daftari za mji zilikuwa mikononi mwa watu wa kanisa lile lile lililokula kodi, na humo mnada ni mauzo halali, basi. Backus alifariki 1806. Massachusetts iliifuta kodi hiyo 1833. Nikitaka kujua Wakongregesheni waliwaza nini, nitawasoma wao wenyewe. Nikitaka kujua nani alinyang'anywa nini, na wapi, naanza na Backus.