Rodiamu ndani ya vitundu: inabaki au inatoroka?

Jiwe la matumbawe lililojenga nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa limejaa vitundu. Hunywa maji na umbo lake likabaki lile lile. Wakemia wanafanya jambo linalofanana na hilo. Huchukua punje za silika, madini yanayofanya mchanga, zenye vitundu vya nanomita chache, wakavilowesha kwa kimiminika cha ayoni, yaani chumvi iliyo katika hali ya maji hata chini ya nyuzi 100, na ndani yake wakayeyusha kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha: hapa ni changamano (kampaundi) la metali kama rodiamu. Wanadai kuwa hivyo metali haitapotea.

Hoja yao ina uzito. Tangu mwaka 1938, mkemia Otto Roelen alipounganisha alkeni (aina ya haidrokaboni), kaboni monoksaidi na haidrojeni kupata aldehaidi, mmenyuko huu umetegemea sana vichocheo vinavyoyeyuka pamoja na malighafi. Vichocheo hivyo hutoa zaidi bidhaa inayotakiwa, ila kuvitenganisha ni shida, na rodiamu ni miongoni mwa metali ghali kabisa. Ikifungiwa ndani ya punje, gesi hupita, bidhaa hutoka, metali hubaki. Kimiminika chenyewe hakigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo hakiondoki na gesi. Malaysia wanaondoa zebaki kwenye gesi asilia kwa punje za namna hii. Hicho si kichocheo, lakini ufungiaji ni ule ule.

Mambo hubadilika malighafi ikiwa kimiminika badala ya gesi. Kiyeyushi hukosha chumvi polepole na kuondoka na metali. Mazao mazito nayo hujazana vitunduni, njia zikaziba.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Kuambiwa kichocheo kimetumika mara tano na kila mara malighafi yote ikageuka hakunitoshi. Huenda nusu ya metali imeshapotea, na iliyosalia ikamaliza kazi kwa sababu imepewa saa nyingi. Pimeni kasi ya dakika za mwanzo. Kisha chujeni mchanganyiko ungali moto: kimiminika kilichochujwa kikiendelea kugeuka bila punje, metali imetoroka.

Wapo wanaosema haya hayatuhusu, maana kiwanda cha Changamwe hapa Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Sikubaliani nao. Kwa mmenyuko wa gesi, ningewaunga mkono wafungiaji leo hii. Kwa wa vimiminika, nangoja majibu ya chujio, na chujio na jiko la maabara mwanafunzi wa Mombasa anavimudu.