Wabunge wa Washington, Masikio Mmeyaweka Rehani?

Jamani, kuna kazi tamu kama ubunge wa Marekani? Wananchi wanataka hili, wewe unapiga kura kwa lile, na uchaguzi ukifika unarudishwa kitini kwa makofi. Muuza chipsi akikupa wali mara mbili, ya tatu humwoni tena mtaani!

Msije mkasema nasingizia. Machi 2024 Gallup, kampuni ya kupima maoni ya watu, waliwauliza Wamarekani kuhusu vita vya jeshi la Israeli huko Gaza: asilimia 55 walikataa, 36 wakaunga mkono. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Aprili, Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa dola bilioni 26 na ushee kwa ajili ya Israeli, ndani yake kama bilioni 9 zikiwa za misaada ya kibinadamu. Kura za ndiyo 366, za hapana 58. Najua yupo mjuaji atakayeniruka kooni kwamba utafiti uliuliza vita, haukuuliza dola. Sawa bwana. Julai 2025 Gallup wakarudi na swali lile lile: wanaounga mkono wameshuka hadi 32. Mwisho wa mwezi huo huo Seneta Bernie Sanders akaleta maazimio mawili ya kuzuia silaha zisiende Israeli, moja la bunduki na jingine la mabomu. La kwanza likaanguka 27 kwa 70, la pili 24 kwa 73.

Warepublican siwanunii sana, maana wafuasi wao asilimia 71 waliunga mkono vita hivyo, wamewakilishwa barabara. Wenye kujieleza ni Wademokrati. Wafuasi wao waliokubaliana na vita vile walikuwa asilimia 8. Nane! Halafu katika kambi yao ya maseneta 47, ishirini hawakuwemo kwenye zile kura 27 za bunduki. Hao ishirini walitumwa na nani?

Utaambiwa, “Mpigie simu mbunge wako.” Haya, piga 202-224-3121, wakuunganishe na ofisi yake. Atapokea kijana wa mafunzo kazini, pengine anasubiri saa yake ya chakula. Atakuuliza jina na msimbo wa posta, na kama huishi katika jimbo lake, maneno yako yanaishia hapo hapo. Usihutubie. Taja namba ya azimio, sema unaunga mkono au unapinga, basi. Ataweka alama moja kwenye orodha, jioni alama zijumlishwe. Baada ya wiki kadhaa unaletewa barua: asante kwa kuniandikia kuhusu suala hili muhimu. Jirani yako aliyepiga kusema kinyume chako naye kaletewa, na mkizilinganisha mnaweza kudhani mlikuwa mnapinga kitu kimoja.

Haya, tuseme mbunge kasikia. Sasa njoo kwenye utaratibu, hapo ndipo mtu unatamani kulia. Serikali ikitaka kuuza silaha nje inalipelekea Bunge taarifa rasmi. Kwa nchi nyingi Bunge lina siku 30 kabla mauzo hayajakamilika. Kwa nchi za NATO na marafiki wachache, Israeli ikiwemo, siku 15. Silaha kubwa zisizofika dola milioni 25 kwa rafiki hao hazihitaji hata taarifa hiyo. Na Waziri wa Mambo ya Nje akitangaza dharura, muda wa kusubiri unarukwa, kama ilivyofanyika mara mbili Desemba 2023.

Ukiwahi kuleta azimio la kuzuia, unahitaji wingi wa kura Seneti, kisha wingi Baraza la Wawakilishi, kisha Rais anakupigia kura ya turufu, kisha unatafuta theluthi mbili kotekote. Mwaka 2019 wabunge walijaribu kuitoa Marekani kwenye vita vya Yemen kwa njia ya sheria ya mamlaka ya vita. Seneti ikakubali 54 kwa 46, Baraza 247 kwa 175. Trump akakataa, na Seneti iliporudia ikapata 53 tu. Ndiyo maana mbunge mjanja haoni sababu ya kujichoma kwa azimio litakalokufa.

Hasa akikumbuka kura za mchujo, zile za chama kuteua mgombea wake. Mbunge Jamaal Bowman wa New York alitaka vita visitishwe. Juni 2024 kundi la fedha la AIPAC, jumuiya inayoitetea Israeli huko Washington, likamwaga zaidi ya dola milioni 14 katika jimbo lake. Gaza kwenye matangazo yao huioni kirahisi. Yalimsema kwa kupinga muswada wa barabara na madaraja. Akaanguka. Kusema kweli naye alishajiharibia, maana alikiri kosa la kuliza kengele ya moto kwenye jengo la ofisi za wabunge bila moto. Lakini wenzake walichokiona ni zile milioni.

Basi dawa iko kwenye mchujo huo huo, ambako wapiga kura ni wachache na kura moja ina uzito. Lakini pale New York mchujo ni wa waliojiandikisha katika chama tu, na ukitaka kubadili chama, fomu iwe imefika kabla tarehe 14 Februari haijaisha, ili upige kura ya Juni. Sasa wewe umekasirishwa na kura ya Aprili. Fomu yako wataipokea vizuri, waiweke kando mpaka mchujo upite.