Siku ishirini za kazi, na hakuna karatasi

Wanaotaka sheria za ajira zilegezwe wana hoja nzito. Mwenye kiwanda kidogo kando ya Barabara ya Enterprise, Nairobi, hamjui fundi mpaka amwone ameshika mashine. Ikiwa kumwachisha ni ghali, atasita kumjaribu, hasa kijana asiyejulikana. Na gharama ipo: kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kumfuta mtu isivyo haki kunaweza kumtoa mwajiri fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Ila sheria hiyohiyo inampa mwajiri nafasi ya kujaribu. Kipindi cha majaribio hufika miezi 6, huongezwa mingine 6 mfanyakazi akikubali, na notisi yake ni siku 7 tu. Ni kweli, mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hata aliye kwenye majaribio asikilizwe kabla ya kuachishwa. Kumsikiliza mtu ni kazi ya asubuhi moja. Sioni mzigo hapo.

Ulegevu mkubwa zaidi uko getini, kwa vibarua wanaochukuliwa asubuhi na kulipwa jioni. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba mwajiri mkwepaji humsimamisha wiki ya tatu, akachukua mwingine. Halafu kuna kifungu cha 51: kila anayeacha kazi apewe cheti cha utumishi, isipokuwa aliyefanya chini ya wiki 4 mfululizo. Anayekatwa wiki ya tatu hukosa vyote viwili, notisi na cheti.

Matokeo yake, kijana aliyeshona kwa overloki, mashine ya kushona kingo za nguo, siku 20 hufika geti la pili kama mtu asiyewahi kuigusa. Huko anaingia kwa kujuana: nyapara, jirani wa mtaa wa Mukuru, mtu wa kwao. Mwajiri wa pili naye analipia upya somo ambalo wa kwanza alishalilipia, kwa vitambaa vinavyoharibika na saa za msimamizi. Watu wanazunguka sana, lakini habari za ujuzi wao hazizunguki nao. Kwa hiyo kulegeza zaidi, peke yake, hakutamkutanisha fundi na kazi inayomfaa.

Kwa maoni yangu kizingiti cha wiki 4 kwenye cheti kishushwe hadi siku 5. Cheti chenyewe ni kifupi: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe za kuanza na kuacha, aina ya kazi na mahali. Sheria haimlazimishi mwajiri kuandika lolote kuhusu tabia au ubora wa kazi. Waajiri watapinga kwamba vyeti vingi vya siku chache vitawekwa mezani mahakamani kuthibitisha kwamba mtu alikuwa kazini mfululizo. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwa yule tu anayekata siku ili kukwepa kifungu cha 37. Mwenye kazi ya msimu kweli, ya kupakua kontena moja likaisha, atakuwa na tarehe zinazomtetea.