Bakteria wa Ogoni na mafuta wasiyoyafikia

Anayetetea kutumia bakteria kusafisha udongo uliomwagikiwa mafuta ghafi ana hoja nzito. Jamii za bakteria kama Pseudomonas na Rhodococcus si lazima ziletwe kutoka maabara. Kwa kawaida zimo ardhini tayari. Mafuta yakimwagika huyala: huvunja minyororo ya kaboni, na mwisho hubaki maji na kaboni dayoksaidi. Kinachowakwamisha mara nyingi ni uhaba wa naitrojeni, fosforasi na hewa. Ndiyo maana meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, fukwe zilitiwa mbolea, na kuna sehemu ambako mafuta yalipungua upesi zaidi. Gharama ni ndogo, na udongo haung'olewi shambani. (Lami nzito, hata hivyo, huwashinda.)

Huko Ogoni, katika Delta ya Niger kusini mwa Nigeria, kampuni ya mafuta ya Shell ilifuata mantiki hiyo hiyo: lima, tia mbolea, inua matuta, uyaachie maumbile. Hapo hoja inayumba. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa 2011, ilikuta kwamba kati ya maeneo 15 yaliyochunguzwa ambayo kampuni iliyahesabu kuwa yameshasafishwa, 10 bado yalikuwa na uchafuzi uliozidi viwango. Katika sehemu 49 mafuta yalikuwa yameshuka mita 5 au zaidi. Jembe halifiki huko, na hewa ni haba. Mvua za Delta ya Niger nazo huyasukuma chini na kuyapeleka vijitoni. Basi kipimo cha udongo wa juu kikishuka, nani atajua kama mafuta yameliwa au yamehama tu?

Wapo wanaoisoma ripoti hiyo kama hukumu dhidi ya bakteria. Sikubaliani nao. UNEP yenyewe ilipendekeza kituo maalumu cha kutibu udongo, na bakteria wana kazi humo: udongo uliochimbwa ukilazwa juu ya sakafu isiyovuja, maji yake yakakingwa, kinachopungua kinaweza kuhesabiwa. Ni ghali, na kuchimba kina hicho kunamwachia mkulima wa muhogo shimo mahali pa shamba.

Kwa hiyo matuta na mbolea ningeyakubali pale tu mafuta yasipopita kina cha jembe, na sampuli zichukuliwe chini ya matuta yenyewe, na mtu asiyelipwa na kampuni.