Tapeli anaanza na shikamoo

Mama yangu mdogo anauza vitenge Morogoro mjini, na hesabu za kichwani hazimpigi chenga. Mwaka jana alipigwa laki nne na nusu kwa simu ambayo haikufika dakika kumi. Kwa kuwa kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za ofisi ndogo ndogo hapa Dar es Salaam, nilimwomba anisimulie hatua kwa hatua, nijue mwizi alipitia mlango upi. Akaanza hivi: "Kwanza aliniamkia vizuri."

Kijana alijitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Akampa pole kwa usumbufu. Kuna mtu, akasema, anataka kuhamisha pesa zilizomo kwenye laini yako, mama, usikate simu tumzuie pamoja. Akamwongoza kwenye menyu ya kutuma pesa. Namba ya kupokelea akaiita "namba ya mhalifu". Kisha akamsomea "namba ya uhakiki": nne, tano, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Mwanamke anayehesabu noti kuanzia asubuhi hadi jioni hakuona kwamba hiyo ni laki nne na nusu yake mwenyewe, kwa sababu alitajiwa tarakimu moja moja. Ilipofika kwenye namba ya siri, kijana akamwambia: "Usinitajie, mama, hiyo ni siri yako, iweke mwenyewe." Hapo ndipo mama mdogo alipomwamini kabisa. Jina la mpokeaji likatokea kwenye kioo. "Huyo ndiye mwizi, mama. Thibitisha tumfungie." Akathibitisha.

Nilimuuliza kama hakuingiwa na wasiwasi hata kidogo. Uliingia. "Sasa ningemkatiaje simu mtoto wa watu, anahangaika kunisaidia?"

Simu yake haikudukuliwa wala haikuwa na kirusi. Semina za usalama wa mtandao nilizohudhuria huanza na antivirasi na kuishia kwenye nywila, na vyote viwili vina maana yake, lakini mlango uliotumika Morogoro sijawahi kuuona kwenye slaidi yoyote. Tumelelewa kwamba anayekuamkia anaitikiwa, na mkubwa akiongea hakatizwi. Tapeli anayajua haya vizuri kuliko anavyoijua kompyuta. Kwa hiyo kinga ninayoipigania mimi ni ruhusa: mtu aruhusiwe, nyumbani na kazini, kuwa mkavu pale anapoombwa pesa au tarakimu. Wazee walishasema heshima si utumwa, ila walisahau kutuonyesha namna ya kumkatia mtu simu.

Ile meseji maarufu ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaicheka na kuifanyia vichekesho. Mimi siicheki. Inarushwa kwa watu wengi, na haihitaji kumpata mjinga; inahitaji kumpata mtu mmoja ambaye siku hiyo hiyo alikuwa anadaiwa kodi na mwenye nyumba. Ikikufikia Tanzania, isambaze kwenda 15040, namba iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa ajili hiyo. Na huduma kwa wateja ya mitandao ya hapa ni 100. Ukipigiwa kwa namba ya kawaida na mtu anayedai anatoka huko, huna haja ya kumhoji wala kubishana naye: kata, kisha piga 100 mwenyewe. Kubishana ni kubaya kuliko unavyodhani, maana tapeli mzoefu hula kwenye mabishano. Ukimaliza, piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Nimekaa na mteja aliyekuta laini mbili asizozijua, na alama za vidole za kusajili laini alitoa kibandani mara kadhaa kwa sababu "mashine haisomi, mzee, rudia kidogo".

WhatsApp nayo. Utaratibu ni ule ule kila mara: mtu wa kwenye kundi la michango ya harusi anakuandikia kwamba amekutumia kwa bahati mbaya namba ya tarakimu sita, umrudishie. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa akaunti yako, naye anayekuandikia si rafiki yako bali ni aliyekwisha kumpora rafiki yako. Jioni ndugu zako wote wanaombwa laki mbili "hadi kesho asubuhi", kwa picha yako na kwa salamu zako. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri. Hata ukiropoka zile tarakimu sita, atakwama hapo. Ni kazi ya dakika moja, na nashangaa wangapi hawajaifanya, wakiwemo mafundi wenzangu.

Kuhusu nywila nitasema machache. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha ule ushauri wa kulazimisha watu kubadili nywila kila baada ya muda na kuchomeka alama za ajabu ajabu. Sababu yake unaijua hata wewe: ukilazimishwa kubadili, Juma2023! inakuwa Juma2024!. Urefu ndio unaosaidia. Maneno manne yasiyohusiana, kama kitasa, mvua, baiskeli na embe (usitumie haya, nimeshayaandika), ni magumu kukisia na mepesi kukumbuka. Ya barua pepe isitumike popote pengine, kwa sababu aliyeshika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya karibu kila kitu. Na usitegemee tarakimu za kuingilia zinazotumwa kwa meseji peke yake kuilinda: Agosti 2019 wahuni waliiteka namba ya simu ya Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, wakaandika matusi kwenye akaunti yake ya Twitter hiyo hiyo. Programu ya kutoa tarakimu za kuingilia, inayokaa ndani ya simu yenyewe, ni salama zaidi.

Sasa ofisini, ambako adabu inagharimu zaidi.

Mteja wangu mmoja, sitamtaja, alilipa mzigo wa vifaa kwenye akaunti isiyo ya msambazaji. Barua pepe ilikuja katikati ya mazungumzo halisi, yenye ankara halisi, ikisema tu kwamba tumebadili benki. Anwani ilikuwa na herufi moja iliyozidi. Mhasibu, binti makini sana, alihisi jambo. Lakini barua ilikuwa imeelekezwa kwa mkurugenzi pia, naye mkurugenzi alijibu kwa neno moja kutoka safarini: "Lipeni." Nani ampigie bosi kumuuliza kama ana uhakika? Alilipa. Baadaye ni yeye aliyeandikiwa barua ya kujieleza, siyo bosi. Nilikasirika siku ile na hadi leo sijapoa.

Wanaodhani haya ni mambo ya ofisi ndogo wasome habari ya Benki Kuu ya Bangladesh. Kwa maelezo ya wapelelezi wa Marekani, wezi walianza kwa kuwatumia wafanyakazi barua pepe za mtu anayeomba kazi kwa unyenyekevu, pamoja na linki ya wasifu wake. Walikaa ndani ya mtandao wa benki kwa muda mrefu, wakichungulia. Usiku wa Alhamisi, Februari 4, 2016, wakatuma maagizo 35 ya malipo kwenda New York, kwenye benki kuu ya Marekani ilikokuwa fedha ya Bangladesh, jumla karibu dola milioni 951. Siku waliichagua: Ijumaa Dhaka ni mapumziko, mwisho wa wiki New York imefungwa, na Jumatatu Manila, Ufilipino, pesa zilikokuwa zinapelekwa, kuna sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Printa iliyokuwa ikichapisha miamala ya benki haikufanya kazi Ijumaa asubuhi, na waliokuwa zamu wakaona ni ubovu wa kawaida wa printa. Nani hajawahi kuona hivyo?

Dola milioni 81 zilifika Manila, na nyingi zikayeyuka. Milioni 20 nyingine zilikuwa zinakwenda Sri Lanka, zikazuiwa kwa sababu neno "foundation" liliandikwa "fandation", na benki ya katikati ikauliza hili ni nini. Swali moja la mtu asiyeona aibu kuuliza liliokoa dola milioni 20.

Ndiyo maana ninapoingia ofisi mpya siku hizi siombi kwanza kuona kompyuta. Namwomba mkurugenzi asaini karatasi ya mistari mitatu. Mabadiliko yoyote ya akaunti ya kulipia hayakubaliwi kwa barua pepe wala WhatsApp mpaka msambazaji apigiwe kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Malipo yapitie watu wawili. Na mstari wa tatu, ambao wakurugenzi huusoma mara mbili kabla ya kusaini: mfanyakazi akinipigia kuhakiki malipo, hata nikiwa kikaoni au msibani, hatafokewa. Kwenye ofisi moja ya Kariakoo mhasibu ameibandika karatasi hiyo pembeni mwa skrini, pale pale palipokuwa na kikaratasi cha nywila.

Mengine nayafanya, lakini hayanisumbui sana akili. Bakapu ikae pia kwenye diski isiyochomekwa muda wote. Masasisho yawekwe yanapotoka. Tundu la Windows lililopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai malipo, Mei 2017 lilikuwa limeshazibwa na Microsoft tangu Machi, walioumia wengi ni wale waliokuwa bado wanabonyeza "baadaye". Aliyeacha kazi aondolewe kwenye akaunti siku hiyo hiyo, pamoja na kundi la WhatsApp la ofisi. Na Windows za wizi, ambazo nakiri niliwahi kuwawekea watu nikiwa naanza kazi kwa elfu kumi kila kompyuta, ziondoke. Kile kijiprogramu cha kuvunjia leseni kilitutaka tuzime antivirasi kwanza, na tulikuwa tunaizima.

Mama mdogo nilimfundisha sentensi moja tu, tukaifanyia mazoezi sebuleni mimi nikiwa tapeli: "Haya mwanangu, nitapiga mia mwenyewe." Mwanzoni alikuwa akiisema kwa kuomba radhi. Tukarudia hadi radhi ikaisha.

Wiki iliyopita nilichukua laini mpya nikampigia kumjulia hali. "Shikamoo mama mdogo, ni mimi, hii ndiyo namba yangu mpya." Kimya. Akakata. Nilikuwa bado naangalia kioo nilipomsikia mke wangu jikoni akipokea simu yake: "Shikamoo mama… Ndiyo, amebadili. Yupo hapa, nimpe?"