Kijana wa Kompyuta Aanze na Bei, Si na Nembo

Siku hizi kila familia yenye karakana ina kijana wake wa kompyuta. Hakusomea usanifu chuoni wala hakufundishwa darasani kuandika programu. Kajifunza kwa bando, video za YouTube na laptopu ya mtumba. Akitaka kusaidia biashara ya nyumbani, maombi huwa ni yaleyale: tutengenezee nembo, tufungulie ukurasa wa Instagram, tupigie picha kali. Anafanya, anapongezwa, na baada ya miezi michache anachoka. Mimi naona tunamkosea tangu siku ya kwanza. Kijana huyo akabidhiwe bei kwanza, mapambo yatafuata.

Nazungumzia useremala kwa sababu ndio ninaouona kwa karibu. Shemeji yangu ana karakana Keko, Dar es Salaam, kule ambako mtu akitaka kitanda, sofa au kabati la kuchongesha huambiwa aende akatafute. Mwanawe, mpwa wangu, ndiye mtu wa kompyuta wa familia. Alianza na vipeperushi vya harusi kwenye simu, akahamia kuchora samani kwa FreeCAD na Blender kwa kuwa ni programu za bure, kisha akaingia Python, lugha ya kuandikia programu. Nimekuwa nikifuatilia mambo yao, na maoni yangu yote haya yametoka hapo.

Tazama bei inavyozaliwa. Mteja anatuma picha kwa WhatsApp, aghalabu picha ya kabati la Ulaya lililopigwa mwanga mzuri, na chini yake: "Fundi, hii shilingi ngapi?" Shemeji anaitazama, anakuna kidevu, anajibu chai yake haijapoa. Sibezi uwezo huo. Umejengwa na miaka ya kushika randa. Lakini tuliwahi kukaa na kalamu tukaifungua bei mojawapo ya kichwani, ya kabati la nguo. Ndani tulikuta bodi, siku za fundi na kidogo cha juu. Bawaba zilikuwemo, skrubu hazikuwemo. Gundi hakuna, msasa hakuna, LUKU ya umeme hakuna. Kirikuu cha kupeleka mzigo Kimara nacho hakikuhesabiwa. Na fundi anayerudi kwa mteja wiki ya pili kurekebisha mlango uliogoma kufunga, nauli yake hutoka mfukoni kwa mzee kimyakimya, wala haiandikwi popote. Mali bila daftari huisha bila habari, na karakana nyingi zinakwisha hivyohivyo huku zimejaa kazi.

Sasa weka tangazo zuri juu ya bei kama hiyo. Wateja wanaongezeka, vumbi la msumeno linatimka tangu alfajiri, majirani wanasema fulani kafunguka. Ikifika Jumamosi ya kulipa mafundi, mzee anazunguka kukopa. Ukipita Keko utasikia wenyewe wakisema: kazi zipo, hela haionekani. Halafu lawama zinaangukia samani za kutoka China. Sikatai kwamba zinabana soko, ila nimeona oda ambazo hazikuporwa na China yoyote. Zilifanywa palepale, zikalipwa zote, na hazikuacha kitu.

Mpwa wangu alianza na jedwali la kawaida kwenye kompyuta. Kila samani iliandikiwa vipande vyake, kila kipande ukubwa wake, na kila kitu kinachonunuliwa bei yake ya wiki hiyo. Mafundi walimwangalia kwa jicho la pembeni. Mmoja alinong'ona kwamba mtoto wa mzee kaletwa kuwapeleleza, na hofu hiyo ina maana kwa mtu anayelipwa kwa kazi, maana akiandikwa muda anaotumia anaona kesho yake inapunguzwa. Kilichotuliza hali ni kwamba jedwali lilionyesha pia saa ambazo fundi anasubiri bodi isiyofika na umeme usiorudi, hasara iliyokuwa ikimwangukia yeye peke yake.

Kutoka kwenye jedwali akaandika programu fupi ya kupanga vipande juu ya bodi kabla msumeno haujagusa kitu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo usanifu na hesabu vinapokutana. Bodi ya MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ya futi nne kwa nane ni sentimita 122 kwa 244. Shemeji alikuwa na desturi ya kutengeneza kabati la nguo lenye kina cha futi mbili na nusu inchi, yaani kama sentimita 62, na urefu wa mita mbili. Ubavu mmoja ukishakatwa, bodi inabaki na upana usiofika sentimita 60, kwa hiyo ubavu wa pili hautoki. Unafungua bodi nyingine. Kipande kilichobaki kinaegeshwa ukutani kusubiri kazi yake, na unyevu wa Dar unakifikia kabla ya kazi hiyo. Punguza kina kiwe sentimita 60: mbavu mbili ni 120, unene wa msumeno ni kama milimita tatu, na bodi ileile inazitoa zote mbili ukabaki na kama sentimita moja na nusu. Henga la nguo linaenea bila shida. Mteja hatambui tofauti ya sentimita mbili.

Huo ndio usanifu ninaoutetea. Rangi na mwonekano vina nafasi yake, ila msanifu aliyekaa karakanani anajua kwamba sentimita mbili zinaweza kuwa bodi nzima. Wala mtu asidhani ni hesabu ya kitoto. Mwaka 1938 wataalamu wa shirika la plaiwudi kule Leningrad walimpelekea mwanahisabati Leonid Kantorovich swali la namna ya kugawa magogo kwenye mashine zao ili zitoe kingi zaidi. Kutokana na swali hilo alifungua tawi zima la hisabati, na katika andiko lake la 1939 mpangilio wa kukata malighafi bila kupoteza ni miongoni mwa matatizo aliyoyashughulikia. Mwaka 1975 akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kijana anayepanga mbavu za kabati Keko anagusa tatizo lililowakuna vichwa watu wazito, na anapaswa kuambiwa hivyo, maana nyumbani huwa anaambiwa "toka kwenye hiyo kompyuta, njoo ushike mbao".

Ila kompyuta nayo ina upofu wake. Mara ya kwanza mpangilio ulipobandikwa ukutani, fundi mkuu aliusoma, akacheka mpaka akaketi. Programu ilikuwa imegeuza mlango mmoja ulale ili ubane nafasi, na bodi ile ilikuwa na mchoro wa mbao. Kabati lingetoka na mlango wa kushoto wenye mistari iliyosimama na wa kulia wenye mistari iliyolala. "Hili kabati limevaa shati la mwenzake," alisema. Kijana hakununa. Akaongeza safu nyingine kwenye jedwali: kipande hiki kinaweza kugeuzwa, hiki marufuku. Safu ile imetokana na fundi ambaye hajawahi kufungua laptopu, na ukiniuliza ndiyo iliyoifanya programu ile iwe ya karakana yao. Zipo programu nyingi za kupanga mikato, nyingine za bure, lakini hazijui kwamba fundi wa vanishi anakuja siku gani wala kwamba mvua za masika zinachelewesha kukauka.

Kuna kisa cha Denmark ninachopenda kuwasimulia wanaodhani kijana akishika hesabu basi mzee amekwisha. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala wa mji mdogo wa Billund. Mdororo wa uchumi ulipokausha kazi za ujenzi, mwaka 1932 akageukia kuchonga vitu vidogo, vikiwemo vya kuchezea watoto. Mwanawe Godtfred aliingia karakanani angali mdogo. Siku moja akamwendea baba yake kwa furaha: ameokoa fedha, kwa kuwa bata wa mbao waliokwishapelekwa stesheni kaweka vanishi mikono miwili badala ya mitatu. Baba alimrudisha kuwachukua, akamwamuru awapige mkono wa tatu, na afanye peke yake. Kijana alijua vizuri gharama ya vanishi, lakini sababu ya mkono wa tatu ilikuwa kwa mzee. Upungufu wa sentimita mbili kwenye kina haumwibii mteja chochote. Upungufu wa vanishi unamwibia, ila yeye atakuja kujua baadaye. Jedwali haliwezi kutofautisha mambo hayo mawili, kwa hiyo mzee anahitajika bado, tena sana.

Upande wa pili wa kisa hicho wazee wetu huwa hawaupendi. Godtfred alikabidhiwa ukurugenzi mtendaji mwaka 1957, baba yake akiwa hai. Januari 1958 kampuni yao, ambayo ndiyo LEGO, ikaombea hataza, yaani haki ya uvumbuzi, tofali lake la plastiki la kuchezea tunalolijua leo, na baba akafariki Machi mwaka huohuo. Mwaka 1960 bohari la vitu vya kuchezea vya mbao lilipoungua, wakaacha kabisa vitu vya mbao. Baba alikuwa amemwachia mtoto usukani mapema kiasi cha kutosha.

Kwetu mambo huwa tofauti. Kijana anaitwa "mtaalamu wetu" mbele ya wageni, lakini ukifika mwisho wa mwezi hana mshahara kwa sababu anakula nyumbani. Akiuliza, anaambiwa yote haya ni yako. Yako kivipi? Ana ndugu wanne, jina la biashara limeandikishwa BRELA, kwenye wakala wa usajili wa biashara, kwa mzee peke yake, na hakuna karatasi inayosema nani ana nini. Wakati huohuo kuna watu mjini, hata nje ya nchi, walio tayari kumlipa kwa ujuzi uleule. Ataondoka, na akiondoka neno la siri la lile jedwali linaondoka naye. Tutamwita mtovu wa shukrani kwenye kikao cha familia.

Shemeji yangu tulibishana naye sana juu ya hili. Hoja yake haikuwa ya ubahili: anaogopa kwamba ukimlipa mtoto mshahara unamfanya kibarua kwenye nyumba yake mwenyewe. Nilimjibu kwamba fundi mkuu analipwa na hajawahi kuonekana kibarua. Sasa mpwa analipwa kila mwezi, mshahara umeingia kwenye bei za samani kama gundi na skrubu, na swali la hisa limewekwa kikaoni ambako bado linazungushwa. Si haba.

Wako watakaosema kijana asiye na cheti hawezi kukabidhiwa bei ya biashara. Hao nawauliza mzee mwenyewe ana cheti gani. Shemeji alijifunza kwa kusimama pembeni ya ami yake akimshikia ubao, akikosea anapigwa kofi. Kujifunza bila darasa ndiko kulikoijenga Keko nzima. Tofauti ni kwamba mwalimu wa mpwa wangu yuko ndani ya simu na hapigi makofi. VETA ya mafunzo ya ufundi na SIDO ya viwanda vidogo zina msaada wake, hasa kwa mashine na usalama wa kazi, na kijana mwenye akili atapita huko pia.

Siku hizi mjadala umehamia kwenye mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Mpwa anaitaka, amekwishachora na mahali itakapokaa. Mimi napinga, kwa sasa. Inahitaji umeme wa kutosha, mkopo, na mtu wa kuitengeneza ikigoma. Na ikisimama siku mbili za umeme kukatika, rejesho la mkopo halisimami. Zaidi ya hapo, maduka ya bodi mjini yanakata na kubandika kingo kwa malipo ya kipande, kwa hiyo anaweza kuwatumia mpangilio wake kwa WhatsApp jioni na kesho yake bodi zikafika zimekatwa tayari. Akae na utaratibu huo, aandike gharama yake kwenye jedwali kila oda, na malipo ya kukatiwa yakifika mahali pa kuzidi rejesho la mkopo mwezi baada ya mwezi, nitakwenda naye mwenyewe kwa mzee kuiombea hiyo mashine. Nembo hadi leo ni ileile iliyochorwa kwa brashi kwenye bati la mlangoni, na hakuna mteja aliyeilalamikia.