Sabuni iliyolala stoo inavyopandisha faida

Meneja wa uzalishaji anayesimamisha mashine stoo ikijaa huonekana mvivu, kwa sababu ripoti ya mwezi itaonyesha faida imeshuka. Anaonewa. Kipimo kinachomhukumu kilitengenezwa kwa kazi nyingine.

IAS 2, kanuni ya uhasibu inayofuatwa Kenya na Tanzania, inataka gharama za kiwanda zisizobadilika, kama uchakavu wa mitambo na pango, zigawiwe kwa bidhaa kulingana na uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Bidhaa isiyouzwa huingia stoo na fungu lake la gharama, lisilokatwa kwenye faida hadi iuzwe.

Chukua kiwanda cha sabuni chenye gharama hizo za shilingi milioni 60 kwa mwezi na uwezo wa kawaida wa katoni 20,000. Kila katoni inabeba 3,000. Soko limechukua 15,000. Meneja akizalisha hizo tu, milioni 60 zote zinakatwa mwezi huohuo, zikiwemo milioni 15 zisizo na katoni ya kuzibeba. Akizalisha 20,000, katoni 5,000 zinalala stoo na milioni 15 zao, na faida inapanda kwa kiasi hicho bila katoni ya ziada kuuzwa! Malighafi, umeme na vifungashio vikigharimu 12,000 kwa katoni, kiwanda kimetumia milioni 60 nyingine kwa katoni hizo 5,000, kununua faida ya karatasi. Sabuni ya mche nayo ikikaa hukauka na kupungua uzito, mwenye duka akipima anairudisha. Siku katoni hizo zikiuzwa, zile milioni 15 zinarudi kuwa gharama, na bonasi ilishalipwa.

Mhasibu ana hoja yake. Kiwanda kinachozalisha mapema kwa ajili ya msimu kingeonyesha hasara isiyokuwepo kama kila kitu kingekatwa papo hapo, na muuzaji asiyeona gharama nzima hushusha bei hadi pango likose pesa. Kwa benki na mkaguzi wa hesabu, mpango huo unafaa.

Kwa kumpima meneja kila mwezi, haufai. Kwenye ripoti ya ndani ongeza mstari mmoja: katoni za mwisho wa mwezi toa za mwanzo, zidisha kwa 3,000, kisha punguza jibu kwenye faida; stoo ikiwa imepungua, ongeza. Bonasi ifuate oda zilizotoka kwa wakati na katoni zisizo na kasoro kwa saa kwenye mashine ya taratibu kuliko zote, inayoamua kasi ya kiwanda kizima. Mashine nyingine ziruhusiwe kusimama.